Pete tatu za Lessing na fingo la Wagiriama

Tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, maneno "uvumilivu wa kidini" yamesikika huku Malindi na Kilifi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Wapo wanaoyatumia kupinga sheria ya kudhibiti makanisa. Wapo wanaoyatumia kueleza kwa nini hawakuuliza maswali mapema. Na ipo mikutano ya mashehe na wachungaji ambako maneno hayo husemwa, picha zikapigwa, chai ikanywewa, kisha kila mtu akarudi kwake. Mimi ni mtu wa lugha na tamthilia, na kazi yangu leo ni ndogo: kuyauliza maneno hayo yanabeba nini, kisha kuyapeleka mbele ya tamthilia inayotajwa mno Ulaya kila wazo hili linapozungumzwa. Tamthilia yenyewe ni Nathan der Weise, yaani Nathan Mwenye Hekima, ya Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing, iliyochapishwa 1779.

Tuanze na neno. Kiswahili kina "uvumilivu", na kina "ustahimilivu". Hili la pili limetoka Kiarabu, katika mzizi wa kubeba. Huko ndiko tulikopata "hamali", yule mchukuzi wa forodhani, na "himila", mzigo wenyewe. Kilatini, kilichowapa Wazungu neno lao, nacho kilianzia kwenye kitenzi cha kubeba na kustahimili uzito. Basi anayekwambia "dini yako naistahimili" amekutusi kwa adabu: wewe ni gunia, naye ni hamali anayengoja kulitua. Kando yake liko "kustahi", linalofanana na "kustahimili" masikioni lakini mzizi wake ni mwingine kabisa, wa haya na heshima. Namstahi jirani, yaani naona haya kumvunjia heshima. Na liko "kuchukuliana", la Kibantu, ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu ya ile kauli ya kutendana: leo nakubeba, kesho unanibeba. Swali langu kwa Lessing ni hili. Wahusika wake wanastahimiliana, wanastahiana au wanachukuliana?

Kwanza, tamthilia yenyewe ilizaliwa kwa kufungwa mdomo. Lessing alikuwa mkutubi wa Wolfenbüttel, katika himaya ya Mtawala wa Braunschweig. Alichapisha vipande vya maandishi ya Hermann Samuel Reimarus vilivyoitilia shaka historia ya Biblia, na mchungaji mmoja wa Hamburg, Johann Melchior Goeze, akamshambulia. Wakajibizana kwa vijitabu hadi 1778 Mtawala akamnyang'anya Lessing ruhusa ya kuchapisha bila kukaguliwa. Sasa mtu akinyimwa mimbari hufanyaje? Lessing alirudi kwenye mimbari yake ya zamani, jukwaa. Kwa hivyo tusiisome kazi hii kama insha ya mtu aliyetulia, anayeshauri mataifa. Ni jibu la mtu aliyezibwa kinywa. Alikufa 1781 kabla haijaigizwa Berlin, 1783.

Mandhari ni Yerusalemu, wakati wa mapatano mafupi kati ya Waislamu na askari wa msalaba. Nathan ni tajiri wa Kiyahudi anayerudi kutoka safari na kukuta nyumba yake ilishika moto, na bintiye Recha ameokolewa na kijana Mkristo, askari wa Hekalu. Kijana huyo naye yu hai kwa sababu Sultani Salahuddin alimsamehe, kwa kuwa sura yake ilimkumbusha ndugu yake aliyepotea. Tunakuja kujua baadaye kwamba Recha si mtoto wa Nathan wa kumzaa. Ni mtoto wa Kikristo aliyekabidhiwa akiwa mchanga, siku chache tu baada ya Wakristo kumchomea Nathan mkewe na wanawe saba.

Niseme kitu hapa kwa msomaji wa Kiswahili. Myahudi wa jukwaani tunayemjua sisi ni Shylock, aliyeanza kusema Kiswahili 1969 Mwalimu Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi. Mtazame Mwalimu: mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare katika anwani akawa mabepari wengi, na ugomvi ukatolewa kwenye dini ukapelekwa sokoni. Uamuzi wa miaka ya Azimio la Arusha, na wenye mantiki yake. Lakini gharama yake ni kwamba Shylock anapolazimishwa kubatizwa mwishoni, msomaji wetu huona tu bepari amepata alichostahili. Nathan ndiye angetusahihisha macho.

Sasa pete. Salahuddin hana fedha, na dadake, Sittah, anapanga mtego: Nathan aitwe, aulizwe dini ya kweli ni ipi kati ya tatu. Akisema Uyahudi, amemtukana Sultani. Akisema Uislamu, mbona hajasilimu? Nathan anajibu kwa hadithi ambayo Boccaccio alikuwa ameisimulia karne nne kabla. Baba mmoja ana pete inayomfanya mwenye kuivaa kwa imani apendwe na Mungu na watu. Ana wana watatu awapendao sawa, basi anatengenezesha pete mbili za mfano wa ile, na kila mwana anapewa yake kwa siri. Baba anafariki, ugomvi unaanza, kesi inafika kwa jaji.

Mwanafunzi wa Pwani akiisikia hadithi hii halazimiki kufundishwa nadharia. Atakwambia mara moja: "Si fumbo hili, Profesa?" Ndiyo, ni fumbo, na ni la aina aliyoijua vyema Muyaka bin Haji wa Mombasa, la mnyonge mbele ya mwenye upanga. Wahakiki wengi huisoma hadithi ya pete kana kwamba Nathan amekaa barazani anafalsafia. Sivyo! Amekaa kwenye mtego. Hekima yake ni ya mtu anayejua kwamba jibu baya litamgharimu mali au shingo. Ndiyo maana hajibu swali, analigeuza. Na hapa naona nguvu ya Lessing kama mtunzi wa jukwaa kuliko kama mwanafalsafa: ameonyesha, pengine bila kuvutiwa kulisema, kwamba mahubiri ya kuvumiliana hutoka kwanza kwa yule anayehitaji kuvumiliwa.

Salahuddin, kwa sifa yake, hakubali haraka. Anauliza: mbona dini hizi zinatofautiana waziwazi, hata kwa mavazi, hata kwa chakula na kinywaji? Swali la mtu wa Malindi hasa, mji ambao kofia, buibui, nyama iliyochinjwa halali na kibuyu cha mnazi hukwambia mtu ni nani kabla hajafungua kinywa. Jibu la Nathan ndilo kiini cha kazi nzima. Zinatofautiana kwa kila kitu isipokuwa msingi, kwa kuwa zote tatu zimesimama juu ya historia, na historia tunaipokea kwa kuaminiana. Kila mtu huwaamini wa kwao, waliomlea. Vipi nikutake uwaite wazee wako waongo ili wangu wawe wakweli?

Mazungumzo ya namna hii yaliwahi kutokea hapa Malindi, na hayakuishia kwa kukumbatiana. Mwaka 1542, Francis Xavier alipitia mji huu akielekea Goa. Katika barua yake anaeleza kwamba Mwislamu mmoja wa heshima alimwendea akamuuliza kama makanisani kwao watu husali kwa wingi na kwa moyo. Alikuwa anasikitika kwamba ucha Mungu mjini umepungua, misikiti ipo 17 na ni mitatu tu inayohudhuriwa, tena na watu wachache. Hebu litazame swali hilo. Mzee hakuuliza dini ya nani ni ya kweli. Alileta huzuni ambayo wote wawili wangeweza kuibeba, akitafuta kuchukuliana. Xavier alimjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Mlango ukafungwa hapo. Mimi huisoma barua ile kama onyesho fupi la tamthilia ambayo Lessing hakuiandika, ambamo Mwislamu ndiye Nathan, na mgeni anayepiga nanga siku chache ndiye mwenye uhakika wote. Haki itendeke pia kwa Xavier: ni yeye mwenyewe aliyeyaandika maneno ya mzee yule, bila hivyo tusingeyasikia.

Mfano wa upande wa pili nao upo, na watu husahau kuutaja. Mwaka 1844, Seyyid Said wa Zanzibar, Mwislamu wa Kiibadhi, alimpa Mmishenari Johann Ludwig Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, wamsaidie. Krapf alitoka Ujerumani ileile ya Lessing. Miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann walipokelewa na wazee wa Rabai, ambayo leo iko Kaunti ya Kilifi. Sultani alikuwa na hesabu zake za kisiasa, najua. Salahuddin wa Lessing naye alikuwa na shida ya fedha.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi katika Nathan si pete, ni mtoto. Nathan alipewa mtoto wa dini iliyomwulia wanawe, akamlea. Hakumfundisha kuchukia upande wowote. Hakumwambia pia kwamba si wake, na hilo mimi namhesabia dosari, kwa kuwa Daja, yaya Mkristo wa nyumbani, anabaki na siri mkononi kama kisu. Sasa mweke Recha kando ya mtoto mwingine, wa kwetu. Yusuf bin Hassan alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Malindi, ule uliohamishiwa Mombasa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Babake aliuawa 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme wa Kikristo juu ya raia Waislamu. Inasimuliwa kwamba alionekana akizuru kaburi la babake na kusali Kiislamu. Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kapteni, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa pia.

Watoto wawili, malezi mawili. Tofauti yao haiko kwenye dini waliyofundishwa, maana Recha naye alilelewa nje ya dini ya wazazi wake. Tofauti ni kwamba Nathan alimpokea mtoto ili mtoto aishi, ilhali Yusuf alichukuliwa ili atumike. Mtunzi yeyote wa Kiswahili anayetafuta kisa cha tamthilia kuhusu dini asiende mbali. Mfalme Yusuf anatosha, na atatulazimisha kutazama kitu ambacho Lessing alikikwepa: kwamba aliyenyimwa kustahiwa akipata upanga, naye hastahi mtu.

Kwa nini nasema alikwepa? Tazama mwisho. Askari wa Hekalu anampenda Recha. Mkristo, na binti wa nyumba ya Myahudi. Hapa ndipo uvumilivu ungepimwa, kwenye posa. Badala yake Lessing anafichua kwamba wawili hao ni ndugu wa damu, watoto wa yule ndugu wa Salahuddin. Ndoa inafutika, wote wanakumbatiana bila neno, pazia linashuka. Ujanja wa mtunzi! Huku kwetu ndoa za namna hiyo hazingoji fumbo la damu. Mgiriama anamwoa Mswahili, mmoja anasilimu, ukoo unapata "mahaji" wake, na mazishi ya babu yanakuja na maswali ya nani atasoma nini. Na mtazame Nathan katika kumbatio lile la mwisho. Kijana, Recha, Salahuddin na Sittah, wote ni damu moja. Aliyewafundisha kukaa pamoja ndiye peke yake asiye na jamaa pale jukwaani.

Hapo ndipo lawama yangu kubwa inapoanzia. Pete ni tatu, na zote zimetoka kwa baba mmoja, tena ni mali ya kurithi katika ukoo wenye Kitabu. Uvumilivu wa Lessing ni wa ndani ya familia. Mzee wa kaya yuko wapi katika hadithi hii? Mgiriama aliyemwomba Mulungu kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi 1498 hana pete. Ana fingo, dawa ya kinga iliyofukiwa ardhini katika kaya, isiyovaliwa kidoleni, isiyosafirishwa, isiyohubiriwa kwa mtu. Huwezi kulipeleka kwa jaji lilinganishwe. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwalisha watu kiapo, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, wala haikusikika kwamba wameingilia dini ya mtu, kwa sababu ile haikuhesabiwa dini. Mwaka 2008 misitu ya makaya ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Vizuri, lakini urithi ni jina la kitu kilichohifadhiwa, si lazima kiwe kimestahiwa.

Na haya si mambo ya makumbusho. Katika kaunti hii wazee wanauawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi kwa ushahidi wa mvi na kipande cha ardhi ambacho vijana wanakitaka. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotoroka watoto wao wenyewe. Katika mikutano ile ya dini mbalimbali, ya picha na chai, ni mara ngapi mzee wa kaya amepewa kiti cha mbele kama mwenye imani, si kama mtumbuizaji wa kufungua hafla? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Imani, siyo pete. Maandishi ya Katiba ni mapana kuliko hadithi ya Lessing, na sisi wenyewe tumebaki kwenye hadithi.

Nirudi Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ya watoto, na 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro. Kesi zingali mahakamani, nami si hakimu. Lakini nimewasikia watu wenye elimu wakisema kwamba fundisho la Lessing ni hili: jaji alikataa kuamua, akawaambia ndugu watatu wangoje miaka elfu mara elfu, basi nasi tusiwaamulie watu dini. Huko ni kusoma nusu ya ukurasa. Jaji yule alisema kwanza jambo lingine. Aliuliza ni nani kati ya ndugu anapendwa na wengine wawili. Walipokaa kimya, akahukumu papo hapo kwamba pete inayomfanya mtu ajipende nafsi yake tu si pete ya kweli. Kuhusu yaliyo juu mbinguni aliahirisha kesi. Kuhusu mtu anavyowatenda wenzake hakuahirisha hata dakika.

Na kuna Patriaki. Kijana anamwendea kumuuliza, kwa mfano tu, Myahudi aliyemlea mtoto wa Kikristo nje ya ubatizo afanywe nini. Jibu la Patriaki ni kwamba achomwe, na analirudia hilo kwa kila udhuru kijana anaoutoa. Kijana anapojaribu kusema kwamba bila Myahudi yule mtoto angekufa, Patriaki anajibu kuwa heri mtoto angeangamia kwa dhiki hapa duniani kuliko kuokolewa kwa njia itakayompotezea uzima wa milele. Nimeifundisha sehemu hiyo miaka mingi kama mfano wa kejeli iliyotiwa chumvi. Wanafunzi walikuwa wakicheka. Baada ya 2023 hawacheki tena. Hoja ya kwamba mwili wa mtoto ni bei ndogo ya pepo haikuwa chumvi ya mtunzi.

Lessing hamvumilii Patriaki. Anamfanyia mzaha, anamnyima kila neno la heshima, na kumwondoa jukwaani. Yaani hata ndani ya tamthilia hii inayosifiwa kwa upole, mpaka upo, nao umechorwa pale mtoto alipo. Jopo lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi lilipendekeza sheria mpya ya mashirika ya kidini, na mjadala wake haujaisha. Mimi naogopa sheria itakayompa afisa wa serikali uwezo wa kusema mahubiri yapi ni halali. Krapf angenyimwa leseni, na mzee wa kaya asingejua hata ofisi ya kuiombea. Ila mtoto asiyepelekwa shule, asiyepelekwa hospitali, asiyelishwa, hahitaji sheria mpya ya dini. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtosha, ikiwa chifu na jirani hawataificha nyuma ya neno "uvumilivu".

Anayetaka kuisoma tamthilia asianzie mwanzo, ambako maelezo ni marefu na Daja anasema sana. Aanze na tendo la tatu, onyesho la saba, palipo pete. Kisha tendo la nne, onyesho la pili, asikie Patriaki. Kisha onyesho la saba la tendo hilohilo, Nathan anapomweleza mtawa fukara, yule aliyemletea mtoto, jinsi alivyolala majivuni siku tatu akimlilia na kumteta Mungu, hadi akaletewa kitoto kimefungwa ndani ya joho.